Kombora Lililoandaliwa Zulia Jekundu

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, ila usiniulize iko upande gani, maana nina watoto wa kulea. Jina lake ni Jamhuri Kuu ya Upana. Ukisimama kusini kabisa ukapiga chafya, kaskazini wanakuitikia "afya". Ukivuta kamba kutoka kona moja hadi nyingine, pale ilipo ndefu kuliko pote, unapata kilomita kumi na tano na ushei, na huo ushei wenyewe ni kinamasi ambacho jirani naye anadai ni chake. Humo ndani wanaishi mawaziri wengi, majenerali wa kutosha, na Mtukufu Kiongozi mmoja. Wananchi nao wapo, wanajibana pale palipobaki nafasi.

Watu wa Upana ni watu wa itifaki. Kwao jambo halianzi mpaka mgeni rasmi afike, apokelewe na akae. Mvua ikinyesha kabla yake huwa haijanyesha, na mkulima atakayepanda mbegu kwa mvua hiyo amepanda kihuni. Kuna shule moja iliyokwisha kujengwa ikasubiri kuzinduliwa, hadi watoto walioandikishwa darasa la kwanza wakaota ndevu nje ya uzio. Wazazi hawakulalamika. Walijua mgeni rasmi ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Mwaka ninaousimulia, Upana ilinunua mzinga.

Usidhani ni ule mzinga wa kufungwa nyuma ya lori ukaburutwa. Huu ulikuwa ukijiendesha wenyewe, umeundwa enzi za Usovieti, na nchi ya mafundi wake ilishakufa ikauacha mzinga u hai. Mafundi hao walikuwa na mtindo wa kuipa mizinga yao majina ya maua, na huu waliupa jina la ua ambalo kwa lugha yao hiyohiyo ndilo jina la karafuu. Basi na Upana wakauita Karafuu. Sijui kwa nini mtu aunde kitu cha kubomoa nyumba za wenziwe kisha akipe jina la kitu cha kutia kwenye pilau. Mimi ni msimulizi tu.

Kwa kuwa Upana haina bandari, Karafuu ilipitishwa katika nchi ya jirani, yaani yuleyule ambaye ilinunuliwa ili kumtia hofu. Trela liliponasa kwenye tope, jirani alitoa watu wakasaidia kusukuma. Upana wakamshukuru sana, wakamwahidi kwamba siku wakimshambulia watamtangulizia taarifa.

Siku ya mapokezi, sifa za Karafuu zilitangazwa na Waziri wa Itifaki, Daktari Mwinyikondo, mtu mnene wa sauti nyororo, ambaye hata nyumbani kwake hakuanza kula mpaka mkewe amkaribishe kwa hotuba.

"Minyororo yake ni mipana," alisema, "kwa hiyo haizami katika theluji."

Watu wakapiga makofi. Theluji walikuwa wameiona kwenye kalenda.

"Inaogelea. Inaingia mtoni upande huu, inatokea upande wa pili."

Makofi tena, ingawa mto wa Upana unavukwa kwa kupandisha suruali.

"Na ndani yake, ndugu wananchi, mna chombo maalumu cha kuwapasha joto askari."

Hapo vigelegele havikuwa na mfano. Katika nchi ambayo kuku hutaga kivulini na bado yai hutoka limeiva nusu, serikali ilikuwa imefikiria kila kitu.

*

Mkuu wa mzinga huo aliteuliwa Kapteni Shaweji Mbonde, mtu mpole, mrefu kama mwanzi, aliyepanda vyeo vyake vyote kwa neno "ndiyo". Wenzake waliokuwa wakisema "ndiyo, lakini" bado ni makoplo hadi leo. Shaweji hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Alizoea tu, na mazoea yana taabu.

Karafuu ilimtesa tangu siku ya kwanza. Ilikuwa fupi kwa makusudi, ili adui asiione kwa mbali, na mafundi waliofupisha hawakumfikiria Shaweji. Injini ilikaa mbele pamoja na dereva. Kile kichwa kinachozunguka, chenye mtutu, kilikaa nyuma, na humo ndimo Shaweji alimojikunja magoti yakigusa masikio, pamoja na mlenga shabaha na mpakiaji. Mpakiaji alikuwa Koplo Ndaro, mtu wa maneno mengi. Kile chombo cha kupasha joto nacho kilikuwa na tabia ya kujiwasha chenyewe, hasa saa za mchana.

"Afande," alisema Ndaro siku moja, akigonga ubavu wa Karafuu kwa kidole, "chuma hiki wamekifanya chembamba ili kielee majini. Risasi ndogo kinaizuia. Ikija ya maana, sisi humu ni mboga. Wametununulia sufuria yenye bunduki."

"Ndiyo," alisema Shaweji, kisha akakumbuka cheo chake. "Kaa kimya, Koplo."

Kitu kimoja tu Shaweji alikipenda bila kuamriwa na mtu, nacho ni kwenda kwa mama yake. Bi Sikudhani aliishi Kilima cha Mbaazi, kaskazini kabisa mwa nchi, katika nyumba ya udongo ambamo Shaweji alizaliwa. Kila Jumapili kapteni huyo alivua magwanda, akapanda kilima, akakaa kwenye kigoda akala maharage ya nazi, akasengenywa usoni mpaka akashiba. Akirudi kambini alikuwa mtu mwingine, na wiki nzima alivumilia lolote kwa ajili ya Jumapili ijayo.

*

Siku ya Uhuru ilipokaribia, Mtukufu aliita baraza. Ramani ya nchi ikatandikwa mezani. Ilikuwa meza ndogo ya kahawa, ikatosha.

"Inafika wapi?" aliuliza Mtukufu.

"Kilomita kumi na tano, Mtukufu," alijibu Shaweji.

"Basi siku ya Uhuru ifike. Wananchi waone walichonunuliwa."

Hapo shida ikaanza. Mzinga lazima ukae Uwanja wa Uhuru, kusini, kwa sababu ndiko kwenye jukwaa na kivuli. Kutoka pale, ukilenga mashariki kombora linaangukia kwa jirani, katika shamba lake la serikali. Ukilenga magharibi linavuka nchi yote, linamwangukia jirani mwingine aliyetukopesha umeme. Jenerali mmoja, kijana bado, akapendekeza wapunguze baruti ili kombora lisifike mbali. Mtukufu alimtazama kwa huruma.

"Tumenunua kumi na tano. Ukipiga nane, hizo saba umemwachia nani?"

Jenerali akakaa, na nimesikia siku hizi anauza matofali.

Wakaleta rula. Wakaigeuzageuza juu ya ramani mpaka ikaonekana njia moja tu ya kumaliza kilomita zote bila kutoka nje ya nchi: kutoka Uwanja wa Uhuru hadi ile ncha ya kaskazini. Kidole cha Mtukufu kikasafiri na rula, kikatua.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, Mtukufu," alisema Daktari Mwinyikondo. "Pana wananchi."

Shaweji alichungulia. Chini ya ule ukucha palikuwa Kilima cha Mbaazi. Aliiona nyumba, akakiona na kigoda.

"Kapteni," alisema Mtukufu, "kuna tatizo lolote upande wako?"

Moyo wa Shaweji ulipiga kelele. Ulimi wake, ambao ulikuwa na mazoea yake, ukasema, "Hakuna, Mtukufu." Aliuchukia ulimi huo njia nzima ya kurudi kambini.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja siku isiyo yako? Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza."

"Basi kaa. Mtu mrefu akisimama mlangoni ananizibia mwanga."

Bi Sikudhani alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, mama mfupi, mkavu, mwenye macho makali. Shaweji akakaa kwenye kigoda, akazungumza habari za mvua na habari za mbuzi wa jirani, mpaka habari zikamwishia.

"Mama, siku ya Uhuru kuna kombora linakuja hapa."

"Linakuja kwa nani?"

"Linakuja tu. Ni la kuonyesha uwezo."

"Na anayelirusha ni nani?"

Mama akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage.

"Ni wewe."

"Nimeamriwa, mama."

"Wakakuuliza kama una neno?"

"Waliniuliza."

"Ukasema huna." Hakuuliza, alitaja tu, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. "Sasa umekuja kunitaka nini?"

"Uhame. Nenda kwa dada, hata siku mbili tu."

"Nyumba hii kaijenga baba yako. Choo nimechimba mwenyewe, na mgongo huu ndio ushahidi. Mbaazi zimeshika maua. Nihame kwa sababu mwanangu hajui kusema hapana?" Akaupepeta ungo, makapi yakamrukia kapteni kifuani. "Na aliyekulea ukawa hivyo ni mimi. Nilikuchapa kila ulipobisha. Basi kama ni kuangukiwa, liniangukie mimi. Haya, nawa mikono, ule."

Alikula. Alifika mahali akauma kijiko ili asilie mbele ya mama yake.

*

Kesho yake Shaweji alikwenda kwa Daktari Mwinyikondo, amejipa moyo kwamba kwa waziri atasema.

"Mheshimiwa, kuhusu kilima kile. Kombora likifika..."

"Nashukuru umekuja," alisema Waziri, "maana jambo hilo limeninyima usingizi. Kitu cha serikali kisafiri kilomita kumi na tano, kifike, kisimkute mtu wa kukipokea? Sisi ni watu gani?"

Waziri akamweleza mpango. Uani kwa mama mmoja huko kilimani pamechorwa duara la chokaa, ndipo kombora litakapotua. Zulia jekundu litaanzia kwenye hema la wageni hadi kwenye duara. Kutakuwa na ngoma, kwaya ya akina mama, na shada la maua.

"Shada la nani, Mheshimiwa?"

"La kombora."

"Mheshimiwa, kombora hili likifika..."

"Litapumzika kidogo kabla ya hotuba?"

"Halipumziki, Mheshimiwa."

"Basi hotuba zitangulie," alisema Waziri. "Unaona faida ya kushauriana mapema?"

Shaweji akasema ndiyo, akatoka.

Habari zikaenea, na vigogo wakaanza kugombea viti vya kilimani. Kwa itifaki ya Upana, anayepokea ni mkubwa kuliko anayetuma. Mtu wa heshima hatumi kitu, hupelekewa. Kukaa Uwanja wa Uhuru pamoja na mzinga kukaonekana ni kazi ya wadogo. Waziri wa Ulinzi alipohakikishiwa kiti cha mbele, hatua chache kutoka kwenye duara, Waziri wa Fedha alizimia kwa wivu. Mwisho Mtukufu mwenyewe akatangaza kwamba kombora la kwanza la taifa halipokelewi na mtu mwingine ila yeye.

Utauliza: hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kombora hufanya nini? Walikuwapo. Majenerali walijua, madereva walijua, hata wapika chai walijua. Lakini kila aliyejua aliona kwamba waliomzidi cheo wako kimya, akadhani wanajua zaidi.

Bi Sikudhani, kwa kuwa duara liko uani kwake, aliteuliwa kuwa mama mwenyeji. Walimletea kanga mpya ya kuvaa siku hiyo. Alisema itamfaa kwa sanda, na maofisa wa itifaki wakacheka sana, wakamwona bibi mwenye mzaha.

*

Siku ya Uhuru jua liliwaka kama limelipwa. Uwanja ulifurika watu. Karafuu ilisimama katikati, mtutu umeinuliwa kaskazini, na ule mtambo wa kupasha joto ulikuwa umejiwasha tangu asubuhi. Wakubwa wote walikuwa kilimani. Ili taifa lisikose kitu, redio ya mzinga iliunganishwa na kipaza sauti cha kilimani, na mazungumzo yote yakarushwa katika maspika ya uwanjani.

Hotuba zikatangulia kama ilivyokubaliwa. Kwaya ikaimba. Kisha sauti ya Mtukufu ikajaza uwanja.

"Kapteni, mimi na wananchi wa Kilima cha Mbaazi tuko tayari kupokea. Nimesimama. Tuma."

Shaweji alikuwa amekunjika ndani ya kile kichwa cha chuma, jasho linamwingia machoni. Alifungua kinywa kusema ndiyo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ndiyo haikutoka.

"Mtukufu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka kwenye maspika, "kombora hili linaua."

Sauti ya Mtukufu ikarudi kwenye maspika.

"Linaua nani?"

"Aliyepo pale linapoanguka, Mtukufu."

"Yeyote?"

"Yeyote, Mtukufu."

Kisha Mtukufu akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Hata mimi?"

Daktari Mwinyikondo alisikika kwa mbali akisema kwamba sheria haina kifungu kinachoruhusu jambo hilo. Halafu zikasikika kelele za viti vikianguka, milango ya magari ikibamizwa, mtu mzima akilia kwamba ameachwa. Uwanja mzima ulisikiliza serikali ikikimbia. Baada ya hapo Mtukufu akarudi hewani, anahema, safari hii kwa redio ya gari.

"Kapteni. Tuko korongoni, upande wa pili wa kilima. Tumeondoka wote. Sasa piga."

"Wote, Mtukufu?"

"Wote. Mimi, mawaziri, majenerali, mpiga picha. Hata zulia limebebwa."

"Na wananchi?"

"Wananchi gani tena? Nimekwambia wote."

Shaweji aliinamisha kichwa kwenye chuma. Wakati huohuo maspika yakakwaruza, maana huko kilimani walisahau kipaza sauti kikiwa wazi.

"Hiki kidude kinabonyezwa wapi?" ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Shaweji, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Umekula?"

"Sijala, mama. Ondoka hapo, nakusihi. Waondoe na wenzako."

"Tuondoke twende wapi? Mwenyewe uliniambia chombo chako kinafika kilomita kumi na tano. Nchi yetu yote ni kumi na tano. Huko kwa jirani hamtaki kifike, mnaona vibaya. Sasa niambie, mwanangu, maana mimi sikusoma. Mlichonunua ni cha kumpiga nani?"

Pale uwanjani mwuza aiskrimu aliishika kengele yake isilie. Watu walitazamana, kisha wakaitazama Karafuu kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe anayemngurumia.

Shaweji alilia. Hakujificha, ingawa baadaye alisingizia joto. Alipokwisha kujifuta alizima redio, akamgeukia Koplo Ndaro, aliyekuwa amekaa na kombora mapajani akingoja amri. Karafuu, lazima nikueleze, hupakiwa kwa mafungu mawili. Hutangulia kombora, zito kama mtoto anayeanza kutembea, ndipo hufuata ganda la baruti la kulisukuma.

"Koplo, hilo kombora."

"Nimelipakata, afande."

"Endelea kulipakata. Weka baruti peke yake."

Ndaro, mtu wa maneno mengi, hakusema hata moja. Alilisogeza kombora kwenye goti moja, akalisukuma ganda ndani kwa mkono wa pili.

Mzinga ulinguruma mpaka vikombe vikaanguka jukwaani. Moto ukatoka, moshi ukatoka, Karafuu ikarudi nyuma ikaketi. Hakikuruka kitu. Kilimani kuku waliinua vichwa, wakaona hapana jipya, wakaendelea kudonoa.

*

Kule korongoni, Mtukufu na serikali yake walikuwa wamelala kifudifudi, mikono masikioni. Hakuna aliyethubutu kuinua uso. Daktari Mwinyikondo, midomo ikiwa kwenye vumbi, alitamka neno linalomstahili kila mtumishi mwema: "Limefika."

Likifika linafanya nini, sasa walikuwa wakijua. Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Kilima cha Mbaazi kimeteketezwa kwa asilimia mia moja, kwa mafanikio makubwa. Wakazi wake waliandikwa marehemu na kushukuriwa kwa ushirikiano. Kilima kikafutwa kwenye ramani, na Shaweji akapandishwa cheo akawa Kanali, akapewa na mkono wa pole kwa kufiwa na mama.

Ndivyo alivyomwokoa mama yake na kumpoteza siku moja. Maana ofisa akionekana anapanda kilima kilichoteketezwa, atakuwa anasema kwamba Mtukufu alikosa shabaha. Jumapili zikapita. Kanali alikula katika ukumbi wa maofisa, kwa uma na kisu, na kila tonge lilimkumbusha kigoda. Alikonda mpaka nishani zikawa zinamvuta mbele.

Huku nyuma, marehemu wa Kilima cha Mbaazi walingoja kidogo, wakaona hawaji watu. Hakuja mtoza michango, kwa kuwa marehemu hawachangi. Hakuja wa kuwaita mkutanoni wala wa kuwapanga barabarani wapunge bendera. Wakachimba kisima, maji yakatoka, na wakayachota hapohapo bila kuzindua. Mtu mmoja aliangalia huku na huku akitegemea ardhi ipasuke. Haikupasuka. Wiki iliyofuata wakafungua shule kwa kuingiza watoto ndani.

Jambo zuri halifichiki. Wajumbe wa kijiji cha pili walimjia Kanali kwa mlango wa uani, wamebeba jogoo.

"Kanali, tuna ombi," walisema. "Na sisi tuteketezwe."

Akawateketeza sikukuu iliyofuata, kwa baruti peke yake, Koplo Ndaro akiwa amepakata kombora lilelile, ambalo sasa alilishonea kifuko. Mtukufu alifurahia sana mshindo. Kila sikukuu kijiji kikateketea, na Mtukufu alipoona sikukuu hazitoshi akaongeza nyingine. Vijiji vikapanga foleni. Viwili viligombana kwa ajili ya zamu, ikabidi vipigwe pamoja. Wakamalizika wa kaskazini, wakafuata wa kati, mwishowe hata mtaa ulio nyuma ya ukuta wa Ikulu ukaomba, ukapewa. Mawaziri wakakosa cha kuzindua, wakapungua mmoja mmoja. Daktari Mwinyikondo, nasikia, yuko katika kijiji kimoja cha marehemu analima vitunguu, na hapendi kuitwa Daktari.

*

Alasiri moja Mtukufu alimwita Kanali Shaweji barazani Ikulu. Alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti chake kikubwa. Nyuma ya ukuta ngoma ilikuwa ikilia na moshi mwembamba ukipanda.

"Kanali, ule moshi ni wa nini?"

"Ni magofu, Mtukufu. Bado yanaungua."

Mtukufu akavuta hewa puani. "Yananukia maharage."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Ya nazi."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na wanaopiga ngoma?"

"Marehemu, Mtukufu."

Tumbo la Mtukufu likaunguruma, likasikika barazani pote, kwa kuwa mpishi wake alikuwa mtu wa ule mtaa wa nyuma na alikuwa ameteketea nao.

"Siku ile nilikwambia tumeondoka wote," alisema. "Kumbe walibaki watu."

"Walibaki, Mtukufu."

"Wengi?"

"Nchi nzima, Mtukufu."

Mtukufu akainama, akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Kanali, na mimi niteketeze. Niende huko. Nina njaa."

Shaweji alimtazama. Alikuwa amemwogopa mtu huyu miaka yake yote ya utumishi, na sasa alimwonea huruma, na huruma hiyo haikumzuia kusema.

"Hapana, Mtukufu. Kule hawapokei wageni rasmi."

"Na mgeni wa kawaida?"

"Mgeni wa kawaida wanampokea. Wanamlisha siku mbili, siku ya tatu wanampa jembe."

Mtukufu akaigeuza mikono yake, akavitazama viganja. Shaweji hakungoja jibu. Alivua kofia yenye nembo ya taifa, akaiweka mezani, akashuka ngazi. Langoni hapakuwa na wa kumuuliza anakokwenda, maana walinzi nao walikuwa marehemu. Akashika njia ya kaskazini kwa miguu, mtu mrefu anayetembea upesi, akaingia kwa mama yake jua halijazama, na mama akamwambia asimame pembeni, anamzibia mwanga.

Mtukufu, nilivyosikia mara ya mwisho, bado yuko pale barazani, anaitazama mikono yake.